Hiyo GT 710 iache kwanza, fungua kasha uangalie RAM

Kuna imani moja hapa mjini Mbeya imewala watu hela sana, kwamba kompyuta ikiwa na grafiksi kadi ya kuchomeka basi ni kali, na isipokuwa nayo ni ya kuchapia barua tu. Ukizunguka Mwanjelwa au Kabwe ukaulizia desktopu ya mtumba utaambiwa "hii ina grafiksi GB 2 bosi wangu", bei inapanda hapo hapo na mtu anatoa hela roho kwatu, kwani nani hataki GB 2. Mimi makasha haya ndo nayafungua kila siku kwa hiyo ngoja niseme tu: kadi nyingi za bei ya chini za kuanzia 2014 mpaka 2016 hivi zinazozunguka huku kwetu, kama hiyo GT 710 ya NVIDIA, zinalingana na grafiksi iliyomo ndani ya prosesa, zingine zinapitwa nayo kabisa, na hela ile ile mtu angeiweka kwenye stiki ya pili ya RAM, memori ya kompyuta yenyewe, angeona tofauti kubwa zaidi. Kadi kuukuu za maana zipo, nitazitaja, ila sio zile unazotolewa kwanza kwenye kabati.

Mashine zenyewe mnazijua. Dell OptiPlex 7010, HP EliteDesk 800 G1, zile nyembamba zilizostaafu maofisini huko Ulaya zikashukia Dar alafu zikapandishwa huku juu kwa basi. Sasa 7010 mara nyingi inakuja na prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu na hapo ndo mtego wa kwanza, maana i5-3470 ndani yake ina grafiksi ya HD 2500 yenye injini 6 tu za kuchora picha, wakati HD 4000 ya kizazi hicho hicho ina 16. Ukienda EliteDesk 800 G1 unakuta kizazi cha nne na HD 4600, injini 20. Kizazi cha sita HD 530, injini 24. Kwa hiyo mtu akiniuliza grafiksi ya ndani inafaa au haifai namrudishia swali, ya ndani ipi? Kama ni HD 2500, sawa, hata GT 710 itakusogeza na sibishi. Kama ni HD 4600 zinakaribiana mno. Kama ni HD 530 au 630 na stiki za RAM zipo mbili, hiyo GT 710 unainunua ikawe pambo humo ndani, labda uwe na shida ya tundu la HDMI la monita ya pili, hiyo nayo ni sababu halali.

Sababu ni memori, na hapa naomba twende taratibu kidogo kwa sababu ndo kiini cha habari yote. GT 710 ina kore 192, yaani vijiprosesa vya kuchora picha, sio mbaya kwa kadi ndogo inayokula wati 19, ila memori yake ya DDR3 inapita kwenye njia ya biti 64 na inapitisha gigabaiti 14.4 kwa sekunde. Basi. Sasa chukua RAM za kawaida za kompyuta yako, DDR3 ya 1600, stiki moja inapitisha 12.8, ukiweka mbili zikafanya kazi kwa pamoja inakuwa 25.6. Ndo kusema maza bodi yako ikiwa na stiki mbili ina njia pana karibu mara mbili ya kadi uliyoitolea hela, kweli prosesa nayo inakula humo humo kwa hiyo grafiksi haipati yote, lakini bado. Mtu wa Mbeya suala la njia moja na njia mbili wala halihitaji kuelezwa, umeshakaa kwenye daladala pale Mafiati nyuma ya malori yanayoenda Tunduma, injini ya daladala iwe kali vipi hamwendi popote. Zile GB 2 zilizoandikwa kwenye boksi ni ukubwa wa maegesho, haziongelei njia.

Juzi kaja dogo mmoja wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, katoka nayo Iyunga EliteDesk yake ameisokomeza kwenye begi la mgongoni, na mkononi ana boksi la GT 710 bado lina nailoni. "Kaka naomba unifungie hii, PES inakwama." Nikavuta kile kifuniko cha juu, vumbi lililotoka humo sitaki kulizungumzia, nikamwonyesha sloti za RAM, zipo nne, tatu wazi, moja ina stiki ya GB 8 imekaa peke yake. Nikachukua stiki nyingine ya GB 8 kwenye droo nikaibana, vile vishikio vya pembeni vikalia tik, nikawasha, nikamfungulia CPU-Z, kiprogramu cha kukagua mashine, kwenye kipengele cha memori akaona imeandika Dual, yaani njia mbili. Gemu lile lile, setingi zile zile, 720p, ile hali ya picha kugandaganda mpira ukifika ndani ya boksi ikaisha. Sio kwamba ikawa PlayStation, hapana, ila inachezeka. GT 710 akairudisha alikoitoa, wakamkata kidogo, akalipia RAM na chenji akabaki nayo. Angalizo tu, ukiweka stiki ya pili usiichomeke sloti yoyote unayoiona, fuata rangi za sloti au mchoro wa mashine yako, maana unaweza kuziweka mbili na zote zikawa upande mmoja, ukabaki pale pale.

Ila pia watengenezaji wenyewe wanachangia kuwachanganya watu, maana jina moja wanaliweka kwenye vitu tofauti kabisa. Mfano GT 730 ya 2014. Kuna yenye kore 96 za Fermi, kizazi cha chipu cha zamani kweli kweli, alafu kuna yenye kore 384 za Kepler, kizazi kilichofuata, na DDR3 inayopitisha 14.4 kama GT 710, alafu kuna yenye kore 384 na GDDR5, memori ya kadi yenye kasi zaidi, inayopitisha gigabaiti 40. Zote tatu kwenye boksi ni GT 730! Ile ya mwisho ni kadi ya kueleweka kwa mashine ya kizazi cha tatu au cha nne, zile mbili achana nazo. Na unakuta DDR3 ya GB 4 inauzwa ghali kuliko GDDR5 ya GB 2 kwa sababu tu mteja anasoma GB.

GT 1030 ndo ilifanyiwa mchezo mbaya zaidi kwa maoni yangu. Ilitoka 2017 ikiwa na GDDR5, gigabaiti 48 kwa sekunde, wati 30, kakadi kadogo katamu, kanaingia kwenye kasha jembamba bila shida. 2018 ikaletwa nyingine, jina lile lile, ila memori ni DDR4 na njia ikashuka mpaka 16.8. Kwenye gemu nyingi inashuka karibu nusu ya ndugu yake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha mpaka usome karatasi ndogo ya nyuma, na wauzaji wengi hata hawajui kwamba zipo mbili, sio kwamba wanadanganya.

Wanaodanganya ni wengine. Kuna kadi zinaletwa zimebadilishwa maandishi ya ndani, ukiichomeka Windows inakuandikia GTX 1050 Ti GB 4 kumbe ndani ni GTX 550 Ti au GTS 450 ya miaka ya 2010 na 2011. Kuzikamata sio kazi. Ingia na flashi yenye GPU-Z, kiprogramu kidogo tu hakihitaji kusanikishwa, ukikifungua soma mistari miwili, aina ya memori na upana wa njia kwa biti, na matoleo ya kuanzia 2018 yakigundua kadi ya kughushi yanakuandikia FAKE mbele ya jina bila kukuficha. Hata kabla ya kuwasha, geuza kadi uangalie matundu. Kizazi cha GTX 1050 Ti hakina VGA ya asili, NVIDIA waliiondoa, kwa hiyo ukiona "1050 Ti" ina lile tundu la bluu la pini 15 shtuka. Muuzaji akisema hapana usiwashe utaharibu, wewe mwachie kadi yake muagane kwa amani.

Haya, zipi za kununua sasa. Kwangu mimi mstari unaanzia GTX 750 Ti. Ni ya Februari 2014, ilitoka kwa dola 149, kore 640, memori gigabaiti 86.4 kwa sekunde, na kilichonifanya niipende ni kwamba inakula wati 60 tu, haihitaji waya wa umeme wa peke yake, inajitosheleza na sloti ambayo kikawaida inatoa mpaka 75. Hilo kwa mashine zetu ndo kila kitu, kwa sababu EliteDesk 800 G1 nyembamba ina pawa saplai ya wati 240, na OptiPlex 7010 nyembamba nayo 240, na hazina ule waya wa pini 6. Hapo tofauti na grafiksi ya ndani sio ya kubishania tena, GTA V ambayo HD 4600 inaiburuza kwa 720p na setingi za chini kabisa, 750 Ti inaipeleka kwenye 1080p unacheza umeegemea kiti. Juu yake kuna GTX 1050 Ti ya 2016, GB 4, gigabaiti 112, wati 75, matoleo mengi nayo hayataki waya, na ilitoka kwa dola 139, chini ya 750 Ti ilipoanza. Ukiipata iliyo nzima kwa bei isiyokuchoma chukua.

Kitu cha kupima kabla hujatoa hela ni urefu wa bati la kadi. Kasha jembamba linataka kadi fupi kwa kimo, na nyingi za 750 Ti na 1050 Ti ni za kasha kubwa, sasa nimeona watu wanakata bati kwa msumeno wa chuma, mimi simshauri mtu. Mbadala ambao watu hawauzungumzii ni Quadro K620, zinatoka kwenye mashine za ofisi za wachoraji, nyembamba, wati 45, kore 384, GB 2. Memori yake ni DDR3 lakini njia ni ya biti 128 kwa hiyo inafika 29, iko mbele ya GT 710 mbali sana na watu huku wanaiacha kwa sababu haijaandikwa GeForce kama kadi za gemu. Ukiikuta imetelekezwa kwenye boksi la makorokoro ongea bei.

Suala la draiva nalo lisisahaulike. GT 710 na GT 730 za Kepler NVIDIA waliacha kuzitolea draiva mpya za gemu mwaka 2021, zikabaki za usalama mpaka 2024, na zile za Fermi ziliachwa tangu 2018. Gemu jipya likikukatalia hapo sio kompyuta yako ina pepo.

Kwa wasiocheza gemu mambo yanageuka, na hapa grafiksi ya ndani inashinda mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua YouTube tu. Video zake nyingi siku hizi zinakuja zimebanwa kwa mtindo wa VP9, na GT 710 haijui kuifungua VP9, haijui mtindo mwingine wa HEVC pia, kazi yote inaangukia kwenye prosesa na feni inaanza kulia. Intel ya kizazi cha saba kwenda juu, ile HD 630, inazifungua zote mbili yenyewe bila jasho. Kwa hiyo mtu mwenye i5-7500 akichomeka GT 710 na waya wa monita akauhamishia huko, YouTube inazidi kuwa nzito kuliko jana yake, na hela imetoka. Ndugu zangu wa video za harusi na kipaimara nao, Intel wana Quick Sync, kifaa cha kuandika video kilichomo ndani ya prosesa, tangu 2011, inasaidia sana kuekspoti video za H.264, wakati GT 1030 haina kabisa kile kifaa cha kuandika video. Haina, hata ile ya GDDR5. Kwa hiyo kama unahariri, kadi ni kuanzia 1050 Ti, chini ya hapo kaa na ya ndani na uongeze RAM. Wanafunzi wa usanifu na ujenzi, AutoCAD ya mistari HD 530 inaibeba vizuri tu, ila ukisema unataka kurenda kwa Lumion, ile programu ya picha za majengo za 3D, hapo grafiksi ya ndani haiwezi na 750 Ti nayo itakutesa, tafuta kompyuta ya mwenzako yenye kadi kubwa mpeane zamu.

Umeme kidogo, maana wenye mabanda ya gemu wananiuliza. Kadi ya wati 60 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 4 kwa siku ni yuniti 7 na kidogo kwa mwezi, na kwa matumizi ya kawaida LUKU ya elfu kumi inakupa yuniti 28 kabla hawajakukata kodi ya jengo, kwa hiyo ni kama elfu mbili na mia tano na kitu kwa mashine moja. Kwa nyumbani sio kitu, kwa banda lenye mashine kadhaa zinazowaka asubuhi mpaka usiku piga hesabu yako. Joto huku wala sio shida, Juni na Julai kompyuta inajipooza yenyewe na wewe umevaa koti, adui wetu ni vumbi la kiangazi. Blowa mara kwa mara.

Alafu kuna AMD, ambao huku hawapati heshima yao. Februari 2018 walitoa Ryzen 3 2200G kwa dola 99 na Ryzen 5 2400G kwa dola 169, prosesa zenye grafiksi ya Vega humo humo ndani, na 2400G ikiwa na RAM mbili za DDR4 zenye kasi inakwenda sambamba na GT 1030 ile nzuri ya GDDR5, bila kadi, bila sloti, bila kitu. Kwa mtu anayeanza kutoka sifuri anayetaka kuunga mwenyewe hiyo mimi naiona ni thamani kubwa kuliko i5 ya zamani pamoja na kadi ya zamani. Tatizo ni kwamba mtumba wa ofisini unaofika huku ni Intel kwa wingi, maza bodi ya AMD inabidi uagize Dar uombe Mungu basi lisiitikise sana kule Kitonga. Na ukiipata Vega ukaipa stiki moja ya RAM umeiua, DDR4 ya 2400 ikiwa moja ni 19.2, zikiwa mbili 38.4, na Vega haina memori nyingine ya kukimbilia.

Laptopu nitapita haraka kwa sababu huko huna cha kuchagua, chipu imebanwa kwenye bodi na ikifa imekufa. Zile za zamani sana zenye chipu ya grafiksi ya NVIDIA mimi huwa nazikimbia, mwaka 2008 NVIDIA wenyewe walitangaza kutenga dola kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa kwa joto, na mafundi tumezipasha hizo kwa hita mpaka tukachoka, inawaka wiki kadhaa inazima tena. Za karibuni ni afadhali. MX150, chipu ya NVIDIA ya laptopu ya 2017, ni kitu kizuri kuliko UHD 620, grafiksi ya ndani ya Intel, kwa mbali, ila nayo ipo ya wati 25 na ya wati 10 kwa jina moja, mchezo ule ule. ThinkPad T480 zipo zenye MX150 na zipo zenye UHD 620 pekee, uliza, na zote zina sloti mbili za RAM.

Ila ukiweza kusogea mpaka Intel kizazi cha 11, grafiksi ya ndani inaitwa Iris Xe, ya i7 ina injini 96, ya i5 ina 80, na hapo MX za zamani hazina tena la kukuambia. Kuna jamaa alinipigia kutoka Tukuyu analalamika kauziwa i5 ya kizazi hicho akaambiwa ina Iris Xe, kufika nyumbani Windows inaandika UHD Graphics, anataka kurudi kugombana na muuzaji. Nikamwambia afungue chini ahesabu stiki. Ilikuwa moja. Intel hawaruhusu hiyo chipu ijiite Iris Xe kama RAM haipo kwenye njia mbili. Chomeka ya pili, washa upya, jina linabadilika lenyewe na kasi inapanda nalo.